Daftari la Ajali: Namna Mji Mdogo wa Barabara Kuu Unavyoweza Kuzijua Ajali Zake na Kuzipunguza

Ajali ikitokea mjini kwetu, watu hujaa. Kanga hutolewa, majeruhi hupakiwa kwenye bajaji au Noah ya kwanza inayopita, na ikifika jioni kila kijiwe kina maelezo yake: spidi, pombe, wengine watasema siku ya marehemu ilikuwa imefika. Baada ya wiki vioo vilivyopasuka vimezama kwenye mchanga wa pembeni. Mwezi unaofuata, hatua ishirini kutoka pale, saa ile ile ya magharibi, mtu mwingine anagongwa akitokea upande ule ule.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mdogo wa mkoa wa Dodoma, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro. Nimemzika mwanafunzi wangu. Tangu siku ile siwezi kukubali kwamba ajali ni bahati mbaya tu, kwa sababu nimejifunza kuwa ajali za mji mdogo zina tabia: zina mahali pake, zina saa zake na zina namna yake ya kutokea. Ukishaijua tabia hiyo, nyingi zinazuilika. Na kuijua hakuhitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka mbali. Kunahitaji kauntabuku moja, watu watano wenye subira, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

Mwongozo huu ni kwa miji ya aina yetu, kama Kibaigwa, Mbande, Chalinze Nyama, Bahi, na hata Manyoni kule Singida. Miji ambayo barabara kuu ndiyo mtaa wa soko. Semi za mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo zinapita mita chache kutoka kwenye meza ya nyanya. Kwa dereva aliyeondoka Dar usiku, mji wetu ni dakika mbili za kupunguza gia. Kwetu sisi ndipo tunaponunua chumvi, tunapopeleka watoto shule na tunapokwenda kusali.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanaoiona barabara

Usianze na kamati ya watu wakubwa. Anza na wanaokaa barabarani. Kwetu walikuwa watano: mama lishe wa stendi, ambaye anawasha jiko saa 11 alfajiri na kufunga saa 3 usiku, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, tabibu wa zahanati, fundi pikipiki, na mimi. Kisha tukamwendea mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kata na polisi kata, tukawaeleza nia yetu kabla hatujaandika hata mstari mmoja. Hili lisirukwe. Mtu anayesimama kando ya barabara na daftari bila kujulikana atadhaniwa anafanya kazi ya mtu, na hapo hakuna atakayemwambia kitu.

Vijana wa bodaboda nao waliniuliza moja kwa moja. "Shikamoo mwalimu. Sasa hili daftari si litatufikisha kituoni?" Nikawaambia: hatuandiki jina la mtu, hatuandiki namba ya chombo, hatuandiki nani ana makosa. Nikawafungulia kurasa wakaona wenyewe. Baada ya hapo wao ndio waliokuwa wakinipigia simu usiku.

Ahadi hiyo itunzwe. Na picha za waliolala barabarani zisipigwe wala zisirushwe kwenye makundi ya simu. Kuna mzazi anaweza kuupokea msiba kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Fungua daftari kwa mpangilio mmoja

Kila ajali ipewe ukurasa wake. Andika tarehe na siku ya wiki, saa, mahali, vyombo na watu waliohusika, kila mmoja alikuwa anatoka wapi kwenda wapi na alikuwa anafanya nini, hali ya mwanga, hali ya lami, na matokeo: hakuna aliyeumia, ameumia kidogo, amelazwa, amefariki. Inaonekana rahisi, ila kuna mitego mitatu niliyoiingia yote.

Mtego wa kwanza ni saa. Kumbukumbu za polisi na za zahanati mara nyingi zinaandikwa 20:00, wakati shahidi anakwambia saa 2. Mwandishi mwingine anaandika 2:00 tu, na wewe hujui ni usiku, mchana au alfajiri. Amueni mfumo mmoja na kila mara muongeze neno: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Katika mwezi wangu wa kwanza niliandika ajali za jioni kama za usiku wa manane, na kwa wiki mbili nzima tulikuwa tunalaumu usingizi wa madereva kwa ajali ambazo zilikuwa za giza la magharibi.

Wa pili ni mahali. "Pale kwa Mangi" itaeleweka leo, lakini Mangi akihamisha duka daftari linapoteza maana. Tumia vitu visivyohama: nguzo za kilomita za barabara kuu, kalavati, nguzo ya umeme yenye namba, mbuyu mkubwa, geti la shule. Pima kwa hatua kutoka hapo. "Hatua 40 kutoka kalavati la shule kuelekea Dodoma, upande wa soko" ni anwani ambayo mhandisi anaweza kuifikia bila kukuuliza.

Wa tatu ndio mbaya kuliko yote: chanzo. Ukiandika "uzembe wa dereva" au "mwendokasi", umefunga mlango. Hukumu hiyo ni ya mahakama, na hata ikiwa kweli haikwambii ufanye nini kesho. Andika mwendo wa tukio lenyewe. "Pikipiki iliyokuwa ikielekea Dodoma ilikata kulia kuingia njia ya mashine. Gari dogo lililokuwa nyuma lilikuwa tayari limetoka kulipita lori, likaigonga ubavuni." Katika mistari hiyo miwili kuna majibu mengi kuliko neno uzembe.

Hatua ya 3: Kusanya za miaka mitatu nyuma

Mji mdogo hauna ajali nyingi kwa mwezi, na namba ndogo zinadanganya. Mahali panaweza kupata ajali nne mwaka huu na mwakani zisipatikane kabisa, bila chochote kubadilika, ni bahati tu. Ukiweka tuta baada ya mwaka mbaya, ajali zitashuka hata kama tuta halikufanya kazi yoyote. Ndiyo maana wahandisi wa usalama barabarani hutazama miaka mitatu hadi mitano kwa pamoja.

Nenda kwenye vyanzo vyote, kwa sababu kila kimoja kinaona upande wake. Polisi wanajua vifo na magari yaliyoharibika. Zahanati inajua waliochubuka na kuvunjika mkono. Omba idadi, saa na aina ya jeraha tu, usiombe majina. Fundi pikipiki anakumbuka kila pikipiki iliyoletwa na uma wa mbele uliopinda, hata ambayo haikuripotiwa popote. Wauza mahindi ya kuchoma wanakumbuka saa. Ukiwa na maelezo ya ajali moja kutoka kwa watu watatu, yaunganishe kwa tarehe na mahali usije ukaihesabu mara tatu.

Jambo moja la kuangalia katika kumbukumbu za zamani: mabasi ya mikoani yalizuiwa kusafiri usiku kucha kwa karibu miongo mitatu, na zuio hilo liliondolewa mwaka 2023. Usiku wa mji wetu kabla ya hapo na usiku wa sasa ni tofauti. Usivichanganye vipindi hivyo viwili unapohesabu ajali za usiku.

Hatua ya 4: Chora, usihesabu tu

Chukua karatasi nne za manila uziunganishe kwa urefu. Chora barabara kuu kuanzia kibao cha kuingia mjini hadi kibao cha kutoka. Weka kila njia ya vumbi inayoingia kwenye lami, shule, soko, msikiti, kanisa, stendi, vijiwe, gesti na migahawa ambako malori hulala. Weka mteremko ulipo. Kisha kwa kila ajali chora mishale: mshale wa aliyekuwa anakwenda hivi, mshale wa aliyekuwa anakwenda vile, na alama palipokutana. Mwanga wa mchana tumia kalamu ya bluu, giza tumia nyeusi. Aliyefariki weka duara.

Tulipomaliza mchoro wetu tuliutandika sakafuni darasani. Namba tulikuwa nazo miezi, zimekaa kimya. Mishale ndiyo iliyotuonyesha. Kiongozi wa bodaboda alipiga magoti, akaweka kidole kwenye njia ya mashine ya kusaga, akasema taratibu, "Mwalimu, zote hizi zinakata kulia." Zilikuwa zimeelekea upande mmoja kama ng'ombe wanaokwenda lamboni.

Kisha tazama siku na misimu. Katika nyanda hizi mvua ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua za kwanza ndizo mbaya zaidi kwa lami: vumbi na mafuta ya miezi saba yanageuka utelezi. Baada ya mavuno barabara inabadilika tena. Kibaigwa yenye soko kubwa la mahindi inajaa mafuso na mikokoteni kuliko mwezi wowote wa masika. Siku ya mnada, mbuzi na watu wanavuka kwa makundi. Ila kumbuka, siku ya mnada ikiwa na ajali mara mbili ya siku nyingine huku watu wakiwa mara tano, kwa kila mtu mmoja siku hiyo si ya hatari zaidi. Hesabu wanaovuka kwa nusu saa siku ya kawaida na siku ya mnada kabla hujalaumu mnada.

Hatua ya 5: Pima mwendo kwa simu na chaki

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inamaliza ubishi.

Chagua kipande kilichonyooka ndani ya mji. Pima mita 100 kwa kamba kando ya lami, weka alama ya chokaa mwanzo na mwisho kwenye jiwe au nguzo. Mtu mmoja anakaa alama ya kwanza. Tairi la mbele likifika anashusha kitambaa. Wa pili, aliye alama ya mwisho, anaanza kuhesabu kitambaa kikishuka na kusimamisha tairi likimfikia. Gawanya 360 kwa sekunde ulizopata, jibu ndilo mwendo kwa kilomita kwa saa. Sekunde 12 ni kilomita 30. Sekunde 7.2 ni 50. Sekunde 6 ni 60. Sekunde 4.5 ni 80.

Kaeni kivulini kama watu wanaosubiri usafiri. Msivae vizibao vya kung'aa na msisimame wima kama askari mwenye tochi ya kupima mwendo, maana madereva hupigiana taa na baada ya dakika tano kila gari litakuwa linatambaa. Pimeni magari 100, mchana na jioni, na yahesabuni yale tu yasiyozuiwa na gari la mbele. Pangeni sekunde kuanzia gari la polepole hadi la kasi. Gari la 85 kwenye orodha hiyo ndilo mtakalolitaja ofisini, kwa sababu wahandisi wenyewe hutumia kipimo hicho hicho.

Kwa sheria yetu, mwendo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Sasa tazama maana yake kwa mtoto. Dereva akiona mtoto ameingia barabarani mita 30 mbele, anatumia kama sekunde 1 kabla mguu haujabonyeza breki. Gari dogo lenye breki nzuri kwenye lami kavu, likiwa 50, linasimama katika mita 28 hivi, mtoto amepona. Likiwa 60, linamfikia mtoto bado lina mwendo wa karibu 35. Likiwa 80, mita 22 zimekwisha kabla breki haijashika, na linamgonga kwa karibu 70. Dereva yule yule, gari lile lile, mtoto yule yule. Semi iliyojaa inahitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa takribani asilimia 4. Nilipowaandikia wanafunzi wa darasa la sita hesabu ile ya mita 30 ubaoni, darasa zima lilinyamaza.

Hatua ya 6: Hesabu kukoswakoswa

Usisubiri watu waumie ndipo ujue. Kwa kila ajali moja kuna mara nyingi ambazo mtu amekoswakoswa: breki zilizolia, pikipiki iliyoyumba hadi nje ya lami, mama aliyerudi nyuma mbio huku ameshika mtoto. Wasweden wa Chuo Kikuu cha Lund walitengeneza njia nzima ya kuhesabu matukio ya aina hii, na sisi tunaweza kuifuata kwa unyenyekevu. Kaeni mahali pamoja kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni, kwa siku tatu. Andikeni tu pale ambapo mmoja alilazimika kufunga breki ghafla au kukwepa, vinginevyo wangegongana. Chora mshale kama wa ajali. Mishale ya kukoswakoswa ikifuata njia ile ile ya mishale ya ajali, hapo umeipata tabia.

Tabia utakazozikuta, na dawa ya kila moja

Kukata kulia. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwenye kukata kulia anakatiza njia ya anayekuja na pia ya anayempita kwa nyuma. Wengi hudhani hatari inatoka mbele. Kwenye ramani yetu ilikuwa inatoka nyuma. Pikipiki inapunguza mwendo katikati ya lami, lori la nyuma nalo linapunguza, gari la tatu lisilojua sababu linatoka kulipita lori. Dawa ya mhandisi ni mstari usiokatika usioruhusu kupita kabla ya njia ile, na nafasi ya kusubiri katikati pale barabara ilipo pana vya kutosha. Dawa yetu wenyewe ni nyepesi zaidi: bodaboda asikate moja kwa moja, atoke kushoto nje ya lami, asimame, atazame pande zote, ndipo avuke kama mtembea kwa miguu. Kijiwe kilikubaliana na hilo kwenye mkutano wao na wakatoza faini yao ya ndani kwa asiyefuata.

Kutokea mbele ya gari lililosimama. Basi limeegesha, abiria ameshuka, anazunguka mbele yake kuvuka. Hamwoni anayekuja, na anayekuja hamwoni. Ni hivyo hivyo kwa semi zilizopangana mbele ya mgahawa. Dawa ni kuhamisha mahali pa kusimama: basi lisimame baada ya kivuko, si kabla yake, ili anayevuka apite nyuma ya basi. Na kwa mita 30 kabla ya kivuko pasiwe na meza, mkokoteni wala gari. Mama wa nyanya atalalamika, na ana haki ya kulalamika kwa sababu pale ndipo wateja walipo. Msimwondoe kabla hamjamtafutia nafasi nyingine yenye wapita njia. Sisi tulisogeza meza saba upande wa pili wa kivuko, na biashara haikufa kwa sababu watu walikuwa wanavukia pale pale.

Giza la magharibi. Baina ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, watu wanarudi shambani, wanatoka sokoni, wanakwenda swala au ibada, na nguo za kazi zina rangi ya vumbi. Taa za gari zikishushwa hazionyeshi mbali, na anayekuja mbele akikupiga mwanga macho yanapofuka kwa muda. Mtembea kwa miguu aende upande wa kulia wa barabara, uso wake ukitazamana na magari. Kipande cha reflekta kwenye mfuko wa shule, kwenye baiskeli, nyuma ya mkokoteni na nyuma ya guta kinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Taa mbili za sola kwenye kivuko zina faida kubwa kuliko kumi zilizotawanywa mji mzima.

Lori lililoharibika gizani. Madereva wetu huweka matawi ya miti. Mchana yanatosha, usiku hayaonekani hadi umefika. Wenye gesti na migahawa wakubaliane kuwa na pembetatu mbili za kuakisi za kuazimisha.

Tuta lisiloonekana. Hili linaniumiza kulisema kwa sababu kila mji unaomba matuta. Tuta lisilo na rangi, kibao wala rasta za kuamsha dereva kabla yake linaleta ajali mpya: gari la mbele linafunga breki, la nyuma linaingia. Baya zaidi ni lile lililo chini ya mteremko. Mkiomba tuta ombeni na alama zake zote. Na msijenge tuta la udongo wenyewe kwenye barabara kuu, hata mkiwa na uchungu wa msiba. Ni kosa kisheria, na pikipiki ya usiku ndiyo itakayolikuta kwanza.

Usingizi wa alfajiri. Gari moja, limeacha njia lenyewe, hakuna alama za breki. Hapa mji unaweza kidogo tu: mahali salama pa malori kulala, mbali na lami, penye ulinzi na maji.

Mifugo. Mzee mmoja mfugaji tuliyemwendea baada ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na maongezi marefu alituambia ng'ombe hawavuki wanapotaka. Wanavuka pale uzio wa mashamba unapowaelekeza. Alisema kweli. Tulitembea naye, tukakuta mashamba mapya yamewasukuma hadi kwenye kona. Njia ya mifugo ilifunguliwa tena kwa makubaliano ya kijiji, mita mia tatu kutoka kwenye kona, penye kuona mbali.

Hatua ya 7: Peleka mlango sahihi, ukiwa na ombi moja

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara. Barabara za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa 2017. Barua ikienda mlango usio wake inazunguka miezi. Kwa barabara kuu kumbuka pia kuwa Sheria ya Barabara ya 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mtu akijenga humo hataweza kudai, na ninyi msiombe kibanda cha abiria humo bila idhini.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za huzuni na neno "tunaomba matuta". Katika ofisi moja iliwekwa kwenye faili na hatukuisikia tena. Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja: mahali kwa hatua kutoka kalavati, ajali za miaka mitatu kwa mishale, mwendo wa gari la 85, idadi ya watoto wanaovuka baina ya saa 1 na saa 2 asubuhi, picha mbili zisizo na mtu aliyeumia, na ombi moja lililo wazi: kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, chenye vibao, rasta na kikomo cha kilomita 30. Ilipitia kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkuu wa trafiki wa wilaya na kwa diwani. Mhandisi alikuja na kusimama palepale tulipoandika.

Diwani ni mtu muhimu hapa. Mwombeni suala lifike kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, maana huko ndiko vipaumbele vinakopangwa. Mkutano mkuu wa kijiji, unaofanyika kila miezi mitatu, utumieni kupitisha azimio. Muhtasari wenye mhuri uambatanishwe na barua.

Kwa shule kuna mfano wa kujivunia. Shirika la Amend limefanya kazi katika maeneo ya shule Dar es Salaam kwa vitu vya kawaida kabisa, njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko, vizuizi, na mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Taja mfano huo kwenye barua. Unaonyesha kuwa jambo hili linafanyika hapa hapa Tanzania.

Ya kufanya wiki hii bila kusubiri ofisi

Helmeti ifungwe mkanda, ya dereva na ya abiria. Helmeti hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa takribani asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Iliyotundikwa kwenye usukani haipunguzi chochote. Mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, ikome, hasa ya wanafunzi asubuhi.

Watoto wavuke kwa kundi pamoja na mtu mzima aliyekubaliana na polisi kata. Darasa la kwanza na la pili hawawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja, hata uwafundishe namna gani. Wasiachiwe kazi hiyo.

Vijana wa bodaboda wafundishwe huduma ya kwanza na tabibu wa zahanati, kwa sababu wao ndio hufika kwanza: kukandamiza jeraha linalotoa damu kwa kitambaa safi, kutomnyanyua mtu kwa mikono na miguu kama gunia, kutomvua helmeti anayepumua vizuri, na kuweka mtu mmoja kila upande wa kusimamisha magari. Namba ya polisi ni 112. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ishughulikiwe na ndugu mmoja wakati wengine wanamwahi majeruhi hospitalini.

Hatua ya 8: Pima tena pale pale

Kivuko kikishajengwa, rudini kwenye mita 100 zile zile, siku ile ile ya wiki, saa zile zile, kivuli kile kile. Pimeni baada ya mwezi 1, kisha baada ya miezi 6. Msihesabu ajali kwanza, ni chache mno kusema lolote kwa mwaka mmoja. Hesabuni mwendo na kukoswakoswa. Gari la 85 likiwa bado liko juu ya 50, huenda rasta zimelika au rangi imefutika, na hilo ndilo la kuandikia barua inayofuata.

Rangi ya kivuko kwenye upepo wetu wa Julai hadi Septemba haidumu. Mchanga unaisugua kila siku na matairi yanamalizia. Kwenye jalada la ndani la daftari andikeni tarehe iliyopakwa, na mkabidhi mwanafunzi mmoja wa darasa la saba kazi ya kusimama hatua 50 kutoka kivukoni kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi na kuandika neno moja: inaonekana, au haionekani.